Busia na Malaba: Karne ya kumtoza anayeonekana

Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakatenganishwa na ndugu zao kwa mpaka ambao hakuna aliyewauliza neno juu yake. Bendera ilibaki ileile pande zote mbili, na dai la serikali lilikuwa lilelile: kodi ya kibanda. Buganda ilikuwa imeandikwa katika Mkataba wa 1900, rupia 3 kwa kila nyumba. Huku kwetu ilianza 1901, na haikuchukua muda nayo ikafika rupia 3.

Kilichohesabiwa kilikuwa mapaa. Utawala wa eneo hili ulikuwa na makao Mumias, na katika miaka ya mwanzo asiyekuwa na sarafu alilipa kwa mbuzi, kwa majembe au kwa kufanya kazi ya serikali. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Lakini nyumba ya maskini ilitozwa sawa na ya mwenye ng'ombe mia, kwa sababu karani alihesabu nyumba, hakuhesabu mali.

Watawala wale hawawezi kusingiziwa kwamba hawakujua namna nyingine. Mwaka 1894, mwaka uleule Uganda ilipotangazwa kuwa himaya yao, bunge la London lilipitisha ushuru wa mirathi uliopanda kadiri mali ya marehemu ilivyokuwa kubwa. Mwaka 1909 David Lloyd George alileta bajeti iliyoongeza kodi maalumu kwa wenye mapato makubwa kabisa, akapambana na makabaila wa Uingereza mpaka ikapita 1910. Na mwaka huohuo wa 1910, huku kwetu ilitungwa sheria ya kodi ya kichwa, ili kijana asiye na nyumba naye asiponyoke. Serikali moja, mwaka mmoja: kule tajiri aliongezewa, huku asiye na kibanda alifuatwa. Kila ninapoziweka tarehe hizo pamoja, naona kwamba suala la nani atozwe zaidi halijawahi kuwa suala la utaalamu. Ni la nani ana sauti pale sheria inapoandikwa.

Walowezi walikuwa na sauti hiyo. Sheria ya kodi ya mapato ilitungwa Kenya 1920, wakaipiga vita, na 1922 ikaachwa. Wakati huohuo kodi ya Mwafrika ilipanda kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo sarafu ilipobadilishwa zikawa shilingi 16, na mishahara ya vibarua ikapunguzwa. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, safari isiyo ndefu kutoka Busia, chini ya uenyekiti wa Jonathan Okwiri, na kodi ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu. Vuguvugu hilo, lililojulikana kama Piny Owacho, lilifanikiwa kuishusha hadi shilingi 12. Mwaka 1923 Shemasi Mkuu Owen aliligeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, jina la wakati ule la eneo hili. Jina la chama lilisema wazi msingi wa madai: sisi ndio tunaolipa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Lord Moyne, aliyetumwa kuchunguza fedha za koloni, alionyesha katika ripoti yake ya 1932 kwamba Waafrika walichangia zaidi ya walichorudishiwa kwa huduma, akapendekeza kodi ya mapato. Ilikuja 1937, miaka 36 baada ya kodi ya kibanda.

Ng'ambo ya mpaka somo lilikuja kwa damu. Januari 1960 watu wa Bukedi, wilaya ambayo wakati huo ilizijumuisha Tororo na Busia ya Uganda, waliinuka dhidi ya machifu waliokuwa wakikadiria kodi. Kodi yenyewe ilikusudiwa kupanda kulingana na uwezo wa mtu, jambo jema. Kilichowachoma ni ukadiriaji: chifu ndiye aliyeamua nani ana nini, na watu waliona jamaa na marafiki zake wakikadiriwa kidogo huku wengine wakibebeshwa. Nyumba za machifu zilichomwa na watu wakafa. Kodi ile iliendelea kuchukiwa hadi Uganda ilipoifuta 2005. Anayetetea matajiri watozwe zaidi, kama ninavyotetea hapa, lazima aikumbuke Bukedi. Kiwango kinachopanda ni maandishi matupu ikiwa hakuna mtu huru wa kuhesabu mali ya mkubwa.

Halafu ikaja kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikaruka. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa tele lakini mkulima alilipwa shilingi isiyonunua kitu. Magunia yakaanza kuvuka usiku, kwa vichwa, kwa punda, kwa baiskeli. Chepkube, upande wa Bungoma, pakawa soko lililojulikana nchi nzima mnamo 1976 na 1977. Watu walitajirika kwa wiki chache. Waliobeba walipata ujira wa kubeba. Waliokuwa na malori na jamaa serikalini walipata ploti na majumba.

Utajiri huo uliondoka vipi mikononi mwa kodi? Kenya ilikuwa imeanzisha 1975 kodi ya faida inayopatikana mtu anapouza ardhi au jengo. Ilisimamishwa 1985. Ushuru wa mirathi ulifutwa 1982. Kwa hiyo aliyenunua ploti kwa fedha za Chepkube akaiuza 1990 hakudaiwa kodi hiyo, na aliyewaachia watoto majumba hakudaiwa ya mirathi. Mwaka huohuo wa 1990 serikali ilileta VAT, ambayo kila mnunuzi wa kipande cha sabuni hulipa. Kodi ya faida ya ardhi ilirudi 2015 kwa asilimia 5 tu, ikafika 15 mwaka 2023. Ya mirathi haijarudi.

Twende sasa sokoni Busia. Mama anayeleta maharagwe na mayai kutoka upande wa pili anaruhusiwa, chini ya utaratibu rahisi wa biashara ndogo, kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 bila ushuru wa forodha, akiwa na cheti cha asili ya bidhaa. Ni nafuu ya kweli, na kituo cha pamoja kilichozinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018 kimepunguza kusumbuliwa. Ila akiuza mali ya shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 1.2, na hapo ameingia katika kodi ya mauzo, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3. Anatozwa juu ya mauzo, si faida. Tuseme faida yake ni shilingi kumi kwa kila mia. Kati ya 120,000 alizopata, 36,000 zinakwenda: asilimia 30. Jirani yake aliyeuza ploti ya mamilioni analipa asilimia 15 ya faida. Mwenye hisa anakatwa asilimia 5 ya gawio lake, na kodi yake imeishia hapo.

Sheria hiyohiyo iliweka kiwango cha asilimia 35 kwa mshahara unaozidi 800,000 kwa mwezi. Nauunga mkono, lakini humgusa mwenye payslipu. Mali kubwa za nchi hii hazipo kwenye payslipu.

Aliyeipinga sheria hiyo mahakamani alikuwa Okiya Omtatah, seneta wa Busia. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Julai 2024, mwezi mmoja baada ya vijana kuingia Bungeni kupinga mswada wa mwaka uliofuata, ambao ulitaka hata mkate ulipiwe VAT. Oktoba Mahakama ya Juu ikairejesha sheria ya 2023.

Husemwa kwamba ukimbana tajiri atahamisha fedha zake, na kwamba mji wa mpakani ndio utakaoumia kwanza kwa kuwa Uganda iko hatua chache tu. Kwa duka na lori, hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana viwango vya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki vinapaswa kukaribiana. Lakini ardhi haivuki mto Malaba. Majengo ya kupangisha hayavuki. Yameandikwa kwenye masijala za ardhi, yana namba na yana wenyewe. Bunge linaweza kurudisha ushuru wa mirathi na kuweka kima kitakachoacha nje kila shamba la kawaida la Teso na Samia, na makadirio yakafanywa na watu wasioteuliwa na mwenye mali wala na mwanasiasa wake.