Pawaso kuukuu: Jinsi ya kuirekebisha na kuitunza nyumbani

MSUMENO wa injini, ambao wengi hapa nchini huuita pawaso, ni chombo kinachoweza kumtumikia mwenyewe kwa miaka mingi. Hata hivyo, baadhi huuzwa kama vyuma chakavu ilhali kasoro yake ni ndogo na ingeweza kuondolewa nyumbani.

Kabla ya kuukagua, injini izimwe, iachwe ipoe, kisha waya wa plagi uchomolewe. Mnyororo ushikwe kwa glavu.

Ili injini iwake, inahitaji hewa safi, mafuta yanayofaa na cheche. Ukaguzi ufuate mpangilio huo.

Chujio la hewa huzibwa na unga wa mbao. Lisafishwe kwa brashi laini na likichakaa libadilishwe.

Petroli iliyokaa miezi kadhaa huharibika na kuacha utando unaoziba kabureta. Imwagwe na kuchanganywa upya. Misumeno mingi hutumia mililita 20 za oili ya injini za mipigo miwili kwa kila lita ya petroli, ingawa baadhi ya ile ya zamani huhitaji mililita 40. Kijitabu cha mtengenezaji ndicho kifuatwe. Petroli isiyo na oili hukwaruza pistoni na silinda kwa muda mfupi, kwa kuwa injini hiyo haina kilainisho kingine. Aidha, mpira unaopitisha mafuta hupasuka kwa uzee, na utando wa ndani ya kabureta hukakamaa. Vyote viwili ni vipuri vya kubadilishwa.

Plagi nayo ina mengi ya kueleza. Ikiwa ya rangi ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, huenda hewa haitoshi au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inapata mafuta machache na inachemka kupita kiasi. Isitumiwe hadi chanzo kijulikane. Mwanya wa plagi kwa kawaida ni milimita 0.5.

Mnyororo unaotoa unga badala ya vipande vya mbao umekuwa butu, na humlazimu mtumiaji kuukandamiza msumeno. Unolewe kwa tupa ya duara yenye kipenyo kinachoufaa mnyororo huo, mathalani milimita 4.8 au 5.2. Tupa isukumwe kutoka ndani ya jino kwenda nje, bila kurudishwa kwa kusugua, na kila jino lipate misukumo sawa. Upande mmoja ukinolewa zaidi, msumeno hukata kombo. Bamba linaloongoza mnyororo nalo ligeuzwe mara kwa mara ili lisilike upande mmoja, na tundu lake la oili lizibuliwe.

Jambo lisilostahili kupuuzwa kamwe ni breki. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba inapogusa mti, msumeno huruka ghafla kumwelekea anayeushika. Breki ndiyo husimamisha mnyororo. Ijaribiwe kila siku kabla ya kazi: msumeno ushikwe imara, injini ikiwaka, kisha kinga ya mkono isukumwe mbele. Mnyororo usiposimama papo hapo, kazi isianze.

Baadhi ya misumeno ya kale haikuundwa na breki. Hiyo, hata injini ikinguruma vizuri namna gani, ni heri istaafishwe.