Wapagazi na Barabara ya Morogoro

Sisi tuendao Kariakoo kutoka Chalinze, Mlandizi au Kibaha, twaketi garini tukisinzia, wala hatuwakumbuki waliotoka bara kwa miguu wenye mizigo kichwani. Nalo soko tuliendealo lina jina lao.

Zamani njia kuu ya bara haikufika Dar es Salaam. Iliishia Bagamoyo, na huko ndiko Chuma na Susi walikoufikisha mwili wa Dakta Livingstone mwaka wa 1874. Dar es Salaam ulikuwa mji mchanga wa Sultani Majid, na alipofariki mwaka wa 1870 ukadhoofika. Mwaka wa 1877 Waingereza wawili, Mackinnon na Buxton, walianza kukatisha barabara kutoka hapo iende Ziwa Nyasa. Ilipopita maili 70 ikaachwa, mwaka wa 1881, na majani yakaifunika. Wadachi ndio walioukuza mji. Waliufanya makao ya serikali mwaka wa 1891, hata mwaka wa 1907 gari la moshi likafika Morogoro. Basi watu wakadhani kazi ya upagazi imekwisha.

Vita ikairudisha. Waingereza walipoutwaa mji mwaka wa 1916, walitaka watu wa kuchukua chakula na risasi mahali pasipofika reli. Wapagazi wakakusanywa, wengi kwa nguvu, wakawekwa kambini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za watu zikalifanya jina hilo Kariakoo. Wengi hawakurudi makwao, nao waliouawa na kuhara, homa na njaa walizidi waliouawa na risasi. Mwaka wa 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari katikati ya mji. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake. Nasi twaona hiyo ni heshima pungufu.

Baada ya vita magari yakaongezeka, na barabara ya Morogoro ikapata nguvu mwaka hata mwaka. Haikupanuka bila machozi. Mwaka wa 2017 nyumba nyingi kando yake, kuanzia Kimara, zilibomolewa ili ipanuliwe. Wenyewe hawakupewa fidia, kwa kuwa serikali ilisema wamejenga ndani ya eneo la barabara. Tena pale Jangwani, mvua kubwa zikinyesha, mto Msimbazi hupanda juu ya barabara, magari yakasimama pande zote mbili na mboga zikanyauka.

Hata zikivuka salama, kabichi za Mgeta hazifiki sokoni kwa gari tu. Katika vichochoro vya Kariakoo gunia hushushwa, likapanda begani mwa mtu. Siku moja tulimwuliza kijana mmoja mchukuzi kama ajua asili ya jina la mahali pale. Akasema, "Mwalimu, shikamoo. Nipishe kwanza, mzigo mzito."