Uyoga Uliohifadhi Moto

Katika nchi nyingi za Ulaya, kabla ya njiti za kiberiti kuenea, moto wa nyumbani na wa safarini ulitegemea sana uyoga ambao maulamaa wa mimea waliuita Fomes fomentarius. Nao huota ubavuni mwa miti ya jamii ya Fagus na Betula, mgumu, wa kijivu, kwa sura ya ukwato wa farasi, na chini yake mna vitundu vidogo mno, ambavyo kila mwaka huongezewa tabaka jipya.

Ukale wa maarifa haya ulidhihirika mwezi wa Septemba 1991, ilipoonekana katika milima ya Alpi, mpakani mwa Austria na Italia, maiti ya mtu aliyefariki yapata miaka 5,300 iliyopita, imehifadhiwa na barafu. Kifukoni mwake mlikuwamo nyama ya uyoga huo, yenye chembe za madini yatoayo cheche. Na mbali nayo alichukua vipande viwili vya uyoga mwingine wa mti wa Betula, vimetungwa katika kamba za ngozi, ambavyo wataalamu wengi hudhani vilikuwa dawa. Basi mtu yule alizipambanua aina mbili ziwezazo kuota juu ya shina moja, na kila moja akaipa kazi yake.

Mafundi waliomfuata waliambua gamba la juu, wakaondoa vitundu vya chini, wakabakiza nyama laini ya hudhurungi iliyo katikati. Wakaikata, wakairoweka, wakaiponda kwa nyundo ya mti, na mara nyingi wakaitia shura, hata cheche moja ikitua juu yake ikawa yafukuta bila ya kutoa ulimi wa moto. Matabibu nao waliitumia kuzuia damu ya jeraha.

Mwanachuoni wa mimea Linnaeus aliuandika uyoga huu kitabuni mwaka 1753, na mwanachuoni Fries akauweka katika jenasi ya Fomes mwaka 1849. Lakini tangu 1827 John Walker wa Stockton-on-Tees alikuwa akiuza njiti za kiberiti, na biashara ile kongwe ya uyoga ikafifia, ingawa huko Korond, Transylvania, wamesalia mafundi washonao kofia kwa nyama ya uyoga huu.

Wala jina pekee halitoshi kuujua uyoga huu. Mti uangukapo, uyoga huu huota tabaka jipya lielekezalo vitundu ardhini, hivyo ajuaye kuutazama hutambua sehemu iliyoota mti ukiwa umesimama na iliyoota baada ya mti kulala. Elimu ya namna hii haipatikani ila kwa kuukagua uyoga juu, chini na ndani, pamoja na mti uliouzaa. Na hiyo ndiyo elimu iliyowapa watu moto kwa maelfu ya miaka, kabla haijaandikwa katika kitabu chochote.