Stesheni ya Nachingwea: Reli Iliyoutangulia Mzigo

Babati yetu haijapata kupitiwa na reli. Mzigo wa mkulima wa Maisaka, uwe mahindi, mbaazi au alizeti, huondoka kwa lori; na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Arusha mwaka 1929, haikuendelea kuja kwetu. Kwa hiyo wako miongoni mwetu wasemao kwamba tungalipata reli zamani, umaskini ungalitukimbia. Katika kumbukumbu hii ya miaka kumi ya chama kikuu chetu, twaona yafaa kuwasimulia wanachama habari za mji uliopata reli kisha ukaipoteza.

Mji huo ni Nachingwea, mkoani Lindi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ikakata shauri kulima karanga kwa matrekta katika Afrika yetu. Shabaha ilikuwa eka 3,210,000, nyingi zake katika Tanganyika; na mahali palipochaguliwa huku ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Kusini zipate njia ya kufika baharini, reli mpya ilijengwa kutoka Mkwaya, katika hori la Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Baadaye iliunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya maji marefu ilifunguliwa mwaka 1954.

Lakini mzigo uliongojewa haukuja. Pori lilikuwa gumu kuliko ilivyodhaniwa, mashine zikavunjika, mvua zikakosekana. Mwaka 1951, baada ya kutumika pauni zipatazo milioni 36, mpango ule mkubwa uliachwa. Reli ilibaki ikitafuta cha kuchukua, na mapato yake hayakutosha gharama. Mwaka 1962 ilifungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Stesheni ikawa jina tu.

Basi, yaliyofuata ndiyo yatupasayo kuyafikiri. Wakulima wadogo wa Kusini, kwa jembe la mkono, walikuwa wakipanda mikorosho bila kelele. Mavuno yakaongezeka mwaka hata mwaka, na katika msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka huko huko Kusini. Mzigo ulikuja kweli, ila garimoshi lilikwisha kuondoka zaidi ya miaka kumi. Korosho zikapita barabarani, katika vumbi na matope.

Hatusemi kwamba reli ni kitu kibaya. Twaitamani hata leo. Tusemalo ni kwamba waliojenga stesheni ile walihesabu eka katika karatasi, wasimwulize mwenye shamba analima nini na udongo wake wapenda nini. Nao walioifunga walitazama hasara ya siku zile, wasiitazame miche iliyokuwa ikikua.

Chama kikuu chetu nacho hujenga na hufunga: maghala, mizani, vituo vya kununulia mazao. Kila tukatapo shauri la namna hiyo, tuanze kwa kuhesabu magunia ya wanachama, yale yaliyomo ghalani na yale yaliyo bado shambani. Ghala lisilo na mzigo ni hasara ya wote. Na mzigo usio na ghala ni jasho la mkulima lililomwagika bure.