Mtalii mwenye ulemavu huhitaji vipimo kabla ya safari

MTU anayetumia kiti cha magurudumu huianza safari kwa maswali ambayo watalii wengine hawayawazii. Mlango wa chumba una upana gani? Pana vidato vingapi langoni? Je, msalani mna pa kushikilia? Akipiga simu hotelini huambiwa kwamba hapana shida, kisha hufika na kuwakuta mabawabu wawili walio tayari kumbeba kama gunia.

Majukwaa ya kidijitali yanaweza kumwondolea fedheha hiyo. Mfano ulio wazi ni Wheelmap, ramani ya intaneti iliyoanzishwa mwaka wa 2010 na shirika la Sozialhelden la Berlin, Ujerumani. Hutumia data huria ya OpenStreetMap, na mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuongeza habari za mahali anapopajua. Rangi zake ni kama za taa za barabarani. Kijani huonyesha kwamba lango na vyumba vyote havina kidato. Rangi ya chungwa ni ya mahali penye kidato kimoja kisichozidi sentimita 7, na vyumba muhimu vinafikika. Nyekundu humwonya msafiri asijisumbue. Kijivu, ambayo imetanda pakubwa, ni ya mahali ambapo bado hapajakaguliwa.

Manufaa ya mfumo huu yamo katika hizo sentimita. Tangazo kwamba hoteli "inawafaa walemavu" halimwambii msomaji lolote, kwa maana kidato anachokipanda mwenye magongo humzuia mwenye kiti. Hili walilifahamu waanzilishi wa Accomable, tovuti ya Uingereza ya malazi, ambao wenyewe hutumia viti vya magurudumu. Kampuni ya Airbnb iliinunua tovuti hiyo mwaka wa 2017.

Aidha, ulemavu si wa miguu pekee. Kipofu husomewa ukurasa na programu ya simu au kompyuta. Picha isiyo na maelezo ya maandishi kwake ni kimya kitupu. Hoteli inayopokea wageni kwa simu ya sauti tu imemfungia kiziwi mlango. Nchini Kenya, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 huwapa wenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na habari pia, kwa kiwango kinachowezekana.

Mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, ni mtihani mgumu. Vichochoro vyake haviwezi kupanuliwa bila kuuharibu. Kinachowezekana ni kumweleza mgeni ukweli mapema: njia ipi hupitika, ipi ina ngazi. Hata gatini, maji yakijaa mashua hukaribia usawa wa ukingo. Yakipwa hushuka mbali chini. Rangi moja ya ramani haitoshi kulisema hilo. Nahodha anayeijua saa ya kupwa na kujaa ndiye anayefaa kuulizwa, na maneno yake yaandikwe papo hapo kwenye ukurasa anaokodia mgeni chumba.