Mwadui na Geita: Nani Awezaye Kungoja?

Wataalamu wa biashara wa ng'ambo wamegawanyika madhehebu. Michael Porter, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alifundisha kwamba faida hutokana na mahali mtu alipojiweka sokoni baina ya washindani, wauzaji na wanunuzi. Jay Barney, mwaka 1991, akashikilia kwamba hutokana na mali adimu ambayo mwenzako hawezi kuiiga. Hoja hizo, miaka mingi kabla ya kuandikwa, zilikwisha kugongana Mwadui, katika nchi ya Shinyanga.

Huko, mwaka 1940, John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua mwamba wa almasi ulio miongoni mwa mikubwa duniani. De Beers, waliokuwa wamejiweka mlangoni mwa soko la almasi la dunia nzima, walitaka kila jiwe lipite mikononi mwao, ili bei isishuke. Naye Williamson, aliyejua thamani ya alichokikalia, kuna wakati alizuia almasi zake na kuziweka akiba, mpaka wakubwa wale wakarudi kwenye mazungumzo. Silaha yake kuu, kwa rai yangu, ilikuwa ule uwezo wa kungoja. Alipofariki mwaka 1958, warithi wakauza, na mgodi ukawa shirika baina ya De Beers na serikali ya Tanganyika.

Wakulima wa pamba wa Usukuma hawakuwa na hazina ya kufungia kabatini. Dhulma waliyofanyiwa ilikuwa kwenye mizani ya mnunuzi, nao wakaijibu kwa dhehebu la tatu, ushirika, wakiongozwa na Paul Bomani, hata vyama vyao vikaungana katika shirikisho mwaka 1955.

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita amebaki bila kabati wala shirikisho la namna ile. Swali lake ni lile lile la nani awezaye kungoja: soko la madini lililofunguliwa mjini mwaka 2019 humwonyesha bei ya siku na kumpimia kwa mizani ya halali, jambo ambalo nalishukuru kwa moyo wote, lakini aghalabu unga alioula duarani, yaani shimoni mwake, dizeli ya pampu na ujira wa karasha ya kusagia mawe vimetolewa na mfadhili, na daftari la mfadhili huyo limekwisha kuandikwa gramu zake kabla jiwe halijapasuliwa.