Nyumba ya Mapadre na Maneno ya Waashi

Ndugu msikilizaji, nawe unayenisoma gazetini, juma lililopita nilikuwa Bagamoyo. Sikutumwa na ofisi. Nilikwenda kwenye kikao cha ukoo, kuamua hatima ya nyumba ya marehemu mjomba wangu, nyumba ya mawe ambayo ukuta wake wa upande wa bahari umeanza kufanya tumbo. Kikao kiliitishwa saa nne asubuhi. Saa tano tulikuwa watu watatu, na mmoja wetu alikuwa mtoto. Nikaona afadhali ninyooshe miguu hadi Misheni, kwa ile njia ya miembe mikubwa.

Sisi watu wa Dar es Salaam tukisikia habari za maktaba na elimu ya juu, mawazo hukimbilia Mlimani. Lakini chuo kikuu chetu kilianza mwaka 1961, tena katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, ndipo kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kilomita kama 70 kaskazini, kazi ya vitabu ilikwisha kuanza karibu karne nzima kabla ya hapo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walihamia Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja. Walikuja na watoto na vijana waliokombolewa utumwani, na hao ndio waliofyeka, waliolima, na waliojifunza useremala na uashi. Aprili 1872 kimbunga kile kile kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kikaibomoa misheni yao. Mwaka uliofuata ujenzi wa Nyumba ya Mapadre ukaanza, safari hii kwa mawe. Nadhani kimbunga kilikuwa mwalimu mkali kuliko mhandisi yeyote.

Nyumba hiyo ni ya ghorofa, kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mbele ina veranda za matao zilizoongezwa baadaye, zenye kukinga jua la mchana na kuuachia upepo wa bahari upite. Haikujengwa kwa mara moja. Iliongezwa kipande kwa kipande kadiri watu, mawe na fedha vilivyopatikana. Jirani yake ipo nyumba ya masista ya mwaka 1876, ambayo leo ni makumbusho, na mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Habari za Livingstone kila mgeni husimuliwa. Mimi nataka kumsema mtu mwingine.

Mwaka 1879 alifika pwani padre mmoja aitwaye Charles Sacleux. Alifanya kazi Unguja na hapa Bagamoyo, akakusanya mimea, na zaidi ya mimea akakusanya maneno. Hakuridhika na Kiswahili cha mjini peke yake. Alitaka kujua neno hili wa Lamu wanalisemaje, wa Mombasa wanalisemaje, wa Ngazija je. Alirejea Ufaransa mwaka 1898, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kuchapwa Paris mwaka 1939, ina kurasa zaidi ya elfu moja. Hesabu mwenyewe: tangu kuondoka kwake pwani hadi kuchapwa kitabu ni miaka 41. Wataalamu wa lugha wanaifungua hadi leo. Na waliompa maneno hayo, wavuvi, mabaharia, wapagazi, akina mama wa mjini, majina yao hayamo kwenye jalada.

Basi nikiwa nimesimama nikitazama ukuta, akatokea mzee mmoja fundi mwashi, niliyemfahamu tangu utoto kwa kuwa alikuwa rafiki wa mjomba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mmekuja kuiuza au kuizika?”

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza kuhusu tumbo la ukuta wetu. Akacheka, akasema tumbo hilo tumelilisha sisi wenyewe, kwa saruji. Ni kweli. Mwaka 2003 tulichanga fedha, tukampa fundi kijana apige plasta ya saruji nje na ndani, ikapendeza mno, jamaa wote tukapiga picha mbele yake.

Mzee akanieleza kwa subira. Jiwe la matumbawe ni kama sifongo, hunywa unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari. Chokaa huuachia unyevu ule utoke polepole, jua likaukaushe. Saruji huufungia ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu, chumvi hugeuka chembe ngumu nyuma ya plasta na kulimega jiwe likawa unga, na vichwa vya boriti za mikoko huoza ndani ya ukuta bila mtu kuona. Kwa nje nyumba inang'aa.

“Ukuta huu,” akasema, “mlitakiwa kuutomea, kisha mkaupaka niru.”

Hapo, ndugu msikilizaji, mimi ninayelipwa mshahara kwa kusema Kiswahili nikaona aibu. Niru nilipata kuisikia. Kutomea sikukujua. Akaokota vijiwe vidogo, akanionyesha: unapachika vijiwe katika mianya ya ukuta pamoja na udongo wa chokaa, unavishindilia hadi ukuta ukae sawa, ndipo unapiga chokaa laini juu. Na chokaa yenyewe ilichomwa pale pale ufukoni, matumbawe juu ya kuni zilizopangwa kwa duara, ndiyo tanuu ya chokaa. Sikusikia anayeichoma siku hizi kwa kuuza.

Bagamoyo ina onyo lake wazi. Boma la Wajerumani, lililojengwa kati ya 1895 na 1897, lilisimama miaka mia moja, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaliangusha sehemu. Likajengwa upya. Boma lina serikali. Shule aliyoijenga Sewa Haji mwaka 1896, akaikabidhi kwa Wajerumani kwa sharti kwamba isibague watoto kwa rangi, nayo ina wenyewe. Tangu mwaka 2006 njia ya misafara ya watumwa na pembe inayoishia mji huu imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Nyumba ya mjomba ina sisi tu, warithi kumi na mmoja.

Kikao kilianza saa saba. Binamu yangu mmoja alikuja na mchoro wa nyumba ya wageni, matofali ya saruji, vyumba kumi, na hesabu zake si za kubezwa. Shangazi akasema mawe yale yalibebwa na baba yake kutoka ufukoni. Hatukukubaliana. Iliamuliwa ukuta uegemezwe kwa nguzo hadi mvua za masika zipite, na mimi nikapewa kazi ya kutafuta chokaa ya kuchomwa, na bei yake.

Usiku nilipofika nyumbani nikafungua kamusi yangu ya zamani, herufi T. Neno limo, mistari miwili. Mzee nimempigia simu tangu Jumatatu kumwuliza zinahitajika debe ngapi. Amesema nisubiri, kwanza aje aupime ukuta kwa mkono wake.